Kunde Katika Droo ya Mama Hawa

Sauti ya kwanza ilikuwa ya mbao: droo ikivutwa kwa nguvu, ikakwama, ikatikiswa kushoto na kulia, kisha ikakubali. Ya pili ilikuwa ya karatasi ngumu ikichanwa. Ya tatu ndiyo iliyonifanya niinue kalamu kutoka kwenye daftari: punje kavu zikimiminika ndani ya sufuria tupu, kwa mfululizo mfupi, kama mvua inayogusa bati na kughairi. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Novemba, yapata saa nne asubuhi, katika nyumba ya Mama Hawa, mtaa wa Majengo, mjini Embu. Moyo wangu ulishtuka kabla sijajua kwa nini, na papo hapo akili, ambayo kazi yake ya kila siku ilikuwa kuusahihisha moyo, ikaanza kutoa hoja. Nyumba hii hupika maharagwe siku tatu katika saba. Jikoni ndiko punje humiminwa. Uwezekano kwamba sauti ile ilihusu bahasha yangu ni mdogo, na mtu mwenye kujiheshimu haendi kuchungulia sufuria ya mwenyeji wake kwa sababu ya uwezekano mdogo. Nikarudi kwenye daftari. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, mwanafunzi wa uzamili, na niliamini kwamba jambo likishapimwa limekwisha kudhibitiwa.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita Hawa, binti wa nyumba ile, alinipigia simu kuniambia kwamba nyumba inavunjwa ili kupisha gorofa, na kwamba anamhamishia mama yake kwake Meru mjini. Wiki hiyo nilikuwa na msiba wangu mdogo usiofaa kutangazwa: katika umri wa miaka arobaini na minne nimerudi chuoni kwa shahada ya tatu, na jopo lilikuwa limeirudisha tasnifu yangu ikiwa imejaa maswali pembezoni, moja likiwa limepigiwa mstari mara mbili. Sikuwa nikilala vizuri. Nilihitaji mahali pa kutumia mikono, nikaenda Embu kusaidia kufungasha. Mama Hawa nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya jikoni, mdogo kuliko nilivyomweka akilini, akiwaamuru vijana wa mkokoteni kwa ncha ya bakora. Kaunta ilikuwa bado pale pale. Ilikuwa kaunta ya buchari ya marehemu mumewe, ya mbao nzito, iliyoletwa nyumbani buchari ilipofungwa na kugeuzwa kuwa meza ya jikoni, na ndani yake ilikuwa na droo moja pana. Tuliimwaga droo ile juu ya mkeka. Betri zilizokwisha; funguo ambazo kufuli zake hakuna azijuaye; mpira wa presha kuka; vipande viwili vya mshumaa; kinoo cha visu kilicholika katikati hadi kikawa kama tandiko la punda; jiwe la mizani la robo kilo; kadi za simu zilizokwanguliwa; picha tatu za pasipoti za mtu ambaye Mama Hawa alidai ni fundi bomba; kijiko kisicho na mpini na, mbali nacho, mpini usio na kijiko.

“Mama, hii yote ni takataka,” alisema Hawa.

“Takataka iko kwenye simu yako,” alijibu mama yake. “Una picha elfu ngapi humo? Nimewahi kukwambia ufute?”

“Na hii balbu iliyoungua?”

“Hiyo naitia ndani ya soksi nikizishona. Iweke.”

Nikacheka kwa mara ya kwanza tangu jopo lile. Kisha nikakaa chini mkekani kupanga vitu kwa aina, kama nilivyokuwa nikifanya zamani hadi Mama Hawa akanikataza, na mwaka wote ule ukanirudia, chumba kwa chumba.

Chumba changu kilikuwa nyuma, ukutani kukiwa na kalenda ya miaka iliyopita ambayo haikuondolewa kwa sababu ilikuwa na picha nzuri ya farasi. Kitanda, meza, taa, na panya. Panya wa Majengo, karibu na zilipokuwa buchari, walikuwa wakubwa na wasio na haya. Walikula pembe ya godoro, wakala sabuni, wakala kurasa nne za mapitio yangu ya maandishi, zile ambazo msimamizi wangu alisema baadaye kwamba kukosekana kwake hakukupunguza kitu. Nilikuwa nikikusanya mbegu za kunde kutoka kwa wakulima wa nyanda kavu za Embu, upande wa Mbeere, ili kuchunguza ni zipi hukomaa mapema zaidi kabla mvua haijakatika. Nilikuwa na sampuli nane. Saba kati yake zilikuwa na akiba katika kabati la chuo. Moja, namba saba, haikuwa nayo, kwa sababu aliyenipa alikuwa amekataa isikae katika nyumba isiyolaliwa na mtu.

Huyo alikuwa Cucu Marigu. Cucu ni nyanya kwa lugha ya huko, na hakutaka nimwite vinginevyo. Nilimkuta mwezi wa Septemba amekaa mbele ya jiko lake la nje, nyumbani kwake kukiwa na vumbi jekundu na mbuzi wanaosimama juu ya kila kitu. Kunde zake zilikuwa na wekundu ulioiva, zenye jicho jeusi, ndogo kuliko za sokoni. Alipewa na mama mkwe wake alipoolewa, na hakuna mwingine kijijini aliyebaki nazo, kwa kuwa wengine walihamia mbegu za dukani. Alizihifadhi katika mkebe, zikiwa zimechanganywa na majivu. Akatwaa kikombe cha chai cha bati, akajaza kimoja akakirudisha mkebeni, akajaza cha pili akakimimina katika bahasha yangu. Ilikuwa nusu kwa nusu, mbele ya macho yangu, majivu yakipanda puani.

“Hii haiuzwi,” aliniambia. Aliongea Kimbeere polepole, nami nikamjibu kwa Kimeru changu cha nyumbani Kianjai, na tulielewana penye mambo muhimu. “Unapewa. Ukivuna, unanirudishia kikombe changu na kingine juu yake. Usipovuna, unanirudishia hizi hizi.”

“Nitarudisha, Cucu.”

“Nyinyi wa chuo mnaandika sana,” alisema akiitazama kalamu yangu. “Andika na hilo.”

Niliandika. Juu ya bahasha ya kaki niliandika MB/07/B kwa penseli, maana wino hufifia, na maelezo mengine yote nikayaweka katika daftari, kama tulivyofundishwa. Nilijivunia lebo ile. Leo naiona kuwa ni kazi ya mtu anayejiandikia mwenyewe na kudhani ameuambia ulimwengu.

Nilipomweleza Mama Hawa habari ya panya, alipiga kaunta kofi. Droo ile, alisema, hakuna panya aliyewahi kuiingia, kwa kuwa mumewe alimwambia seremala aikaze ili wateja wasiishike. Ilikaza kwelikweli. Ilitoka nusu tu, na zaidi ya hapo haikuwa na mtu wa kuiburuza isipokuwa yeye, aliyeijua pembe yake. “Weka hapa,” aliniambia. “Droo ni ya wote. Kilichoingia humu ni cha nyumba.” Nililichukulia neno hilo kuwa ukarimu. Lilikuwa ukarimu, na lilikuwa pia sheria, na ni sheria hiyo ambayo sikuichunguza. Nikaiweka bahasha mbele, juu ya mpira wa presha kuka, nikaiona kila asubuhi nilipochukua kiberiti, na kila nilipoiona nikaridhika.

Sasa niseme juu ya majivu. Mbegu za dukani huja zimepakwa dawa ya rangi ya waridi, na hata mtoto wa Embu anajua kwamba punje ya waridi haipikwi. Punje yenye majivu ni kitu kingine. Katika majiko ya kwetu, majivu ni alama ya chakula kilichokingwa na wadudu: unapepeta, unaosha, unaweka motoni. Mama Hawa alikuwa mtu wa mjini, mjukuu wa watu waliokuja na misafara kutoka pande tofauti na wakakutana Majengo, na hakuwa amepanda kitu maishani isipokuwa mnanaa katika kopo. Alifungua droo akakuta bahasha, ndani kunde, juu ya kunde majivu, na juu ya bahasha namba. Namba, kwa mke wa mwenye buchari, huenda ikawa kilo, huenda ikawa simu ya mtu. Haisemi usile.

Siku ile ya Jumamosi tulikula saa saba, watatu, kwenye kaunta ile ile: chapati, na kunde zilizopikwa na mbavu za mbuzi na vitunguu vingi. Nilikula sahani mbili. Hawa, aliyekuwa kidato cha nne, alinitania kwamba kumbe wasomi nao wana matumbo. Nilisema, na maneno haya nimeyabeba kwa miaka ishirini, kwamba sijawahi kula kunde laini namna hii.

“Zimeiva upesi,” alisema Mama Hawa kwa fahari. “Nusu saa tu. Hata makaa hayakuisha.”

“Umezitoa wapi?” nilimuuliza.

“Nyumba haikosi,” alijibu, akaniongezea.

Jioni, kabla ya magharibi, nilikwenda kwenye droo kutafuta pini. Mahali pa bahasha yangu palikuwa na bahasha yangu, imekung'utwa, imenyooshwa kwa kiganja na kukunjwa mara nne kwa uangalifu, maana bahasha nzuri haitupwi. Penseli ilisomeka vizuri: MB/07/B. Niliishika kwa muda mrefu. Nilijikuta nikijaribu kukumbuka kama nilikuwa nimetafuna.

Mtu mwingine angetoka hapo akasema. Mimi nilikwenda chumbani nikachora jedwali lenye safu tatu, moja ya msimamizi wangu, moja ya Cucu, moja ya Mama Hawa, na chini ya kila jina nikaandika madhara ya kumwambia na madhara ya kutomwambia. Jedwali lilikuwa na mantiki. Nililifanyia kazi wiki nzima, na lilinisaidia kutofanya lolote. Kwa msimamizi nilihofia cheti. Kwa Mama Hawa kulikuwa na jambo lililokuwa zito zaidi ya nilivyokubali: mtu aliyekulisha kwa mkono wake, ukala ukasifu, utamrudiaje jioni kumwambia kwamba chakula kile kilikuwa kosa? Kwa hiyo niliendelea kumwamkia, kumenya viazi naye, kumsikiliza akizungumza na jirani dirishani kuhusu ndoa za watu, na kila alipoivuta droo nilitazama pengine. Nilijiambia kwamba Cucu anacho kikombe chake cha pili. Hesabu ya Cucu, nilijiambia, haijaharibika. Imepungua nusu tu.

Katikati ya Desemba simu yangu iliita nikiwa maktaba. Mwanawe Cucu alikuwa amemnunulia simu, naye alikuwa akizungumza kwa sauti ya mtu anayetaka kuvuka umbali wote kwa pumzi zake. Nilikimbilia ngazini.

“Ni wewe, wa Meru?”

“Ni mimi, Cucu.”

“Mvua imekatika huku. Nilipanda zote, nikasema mwaka ni mzuri. Zimekauka na maua yake. Hata ya kuokota hakuna.” Nyuma yake mbuzi walilia. “Nikasema, si kitu, zangu nyingine ziko Embu kwa msichana wa chuo. Ziko salama?”

Ngazi ile ilikuwa na dirisha lenye ufa, na nje ya dirisha mtu alikuwa akikata nyasi. Nakumbuka ufa ule kwa usahihi wa kutisha. “Ziko salama, Cucu,” nilisema.

“Mungu akubariki. Utaniletea kabla ya mvua ya Machi.”

Huo ndio uwongo. Kabla yake nilikuwa na ajali. Baada yake nilikuwa na siri. Na siri, kwa mtu wa tabia yangu, haikai bure. Inaanza kutafuta vifaa. Nilipokuwa nikienda nyumbani Kianjai kwa Krismasi, nilishuka Meru mjini na kwenda soko la Gakoromone, nikapita wauza ndizi na wauza viazi hadi penye magunia ya nafaka. Kwa mama mmoja aliyejifunga kitenge cha buluu nilikuta kunde nyekundu zenye jicho jeusi. Hazikuwa zile. Zilikuwa nene kidogo, na wekundu wake ulikuwa wa juu juu. Lakini gunia ni kubwa, na punje hazilingani, na mtu akiwa na subira anaweza kupata zinazokaribia. Nikaomba kigoda. Nikakaa nikaanza kuchagua moja moja.

“Wewe mwari,” aliniambia mama yule baada ya robo saa, “unachagua kunde ama unachagua mume?”

“Kunde, mama.”

“Hata mume sikumchagua hivyo. Ningemchagua hivyo ningekuwa na mwingine.” Akamgeukia mwenzake wa gunia la pili. “Ona huyu. Anaangalia kila moja kwa macho.”

“Ni za mgonjwa,” alikisia mwenzake.

“Ni za nini hizo?” akaniuliza mwenye gunia.

“Ni za kupanda,” nilisema.

“Basi ungesema. Hizi usipande. Zimekuja na lori, hata mimi sijui zimetoka wapi. Hizi ni za sufuria.”

Nilimshukuru na nikaendelea kuchagua. Nilichagua kikombe kizima. Nyumbani, nyuma ya jiko, nilizichanganya na majivu. Januari niliporudi Embu niliifungua ile bahasha iliyokunjwa mara nne, nikaijaza, nikaigundisha mahali ilipochanwa, nikairudisha mbele ya droo, juu ya mpira wa presha kuka. Namba ilikuwa ile ile, na majivu yalikuwa majivu. Niliifunga droo nikasubiri kuhisi nafuu, kama mtu anayesubiri dawa ifanye kazi. Badala yake nilianza kuona kwa uwazi kabisa jinsi ambavyo mwanamke mmoja kule Mbeere angetia kunde za lori ardhini mwezi wa Machi, azipalilie, na afe akiamini kwamba ni za mama mkwe wake.

Ilikuwa siku ya Jumapili, baada ya chai ya saa nne. Hawa alikuwa amekwenda kwa shangazi yake. Nilikuwa nikikausha vikombe, Mama Hawa akaivuta droo kutafuta uzi, nikamsikia akisema kwa furaha, “Kumbe umeleta kunde zingine. Leo nitazitia nazi, nimeletewa moja kutoka Mombasa.”

“Usizipike,” nilisema.

Nililisema kwa sauti ambayo nyumba ile haikuwa imewahi kuisikia kwangu. Alinigeukia akiwa na bahasha mkononi.

“Kwani zina nini? Zile za kwanza ulikula sahani mbili.”

Nikamwambia. Nilianza kwa mpangilio, kutoka Septemba, na mpangilio ukanitoroka nikiwa bado Novemba. Nikasema Cucu, mvua, ngazi, Gakoromone, majivu ya nyumbani, yote kwa mkupuo, nikikausha kikombe kile kile. Mama Hawa alikaa. Aliiweka bahasha kaunta kama mtu anayeweka chini mtoto wa watu.

“Ulikula ukijua?”

“Hapana. Nilijua jioni.”

“Jioni ile ile?”

“Ndiyo, Mama.”

“Basi ni miezi miwili.” Alihesabu kwa vidole, taratibu. “Miezi miwili unaniamkia shikamoo, unamenya viazi na mimi, na moyoni unajua nimekula mbegu ya mwanamke wa watu. Mimi sijui. Naswali na tumbo lina haki ya mtu. Daktari wa kunde, kwa nini ulinifanyia hivyo?”

Nilisema kwamba sikutaka kumwaibisha.

“Mimi ni mtu mzima,” alisema. “Aibu yangu ningeibeba. Wewe umenibebea bila kuniuliza, na sasa imeoza.” Halafu akainuka, na nilidhani anakwenda kuniambia nitafute chumba kwingine. Aliishika droo kwa pembe aliyoijua, akaiinua kidogo, akaiburuza nje yote, hadi mwisho, nami nikaona kwa mara ya kwanza nusu yake ya nyuma, ambayo kwa miezi yote nilikuwa nimeichukulia kuwa sawa na ile ya mbele. “Mimi siyo mtu wa kupangusa chombo,” alisema akipekua. “Unga siumalizi. Chumvi siimalizi. Mama yangu alinikataza. Chombo kikilala kitupu, nyumba inajifunza utupu. Daima nabakisha kidogo, cha kualikia kingine.” Akatoa kinoo, akatoa misumari iliyofungwa kwa soksi, akatoa chupa ya kahawia ya dawa ya kikohozi, akaitikisa karibu na sikio, akanipa.

Robo ya chupa ilikuwa imejaa kunde nyekundu, ndogo, zenye jicho jeusi, na vumbi la majivu limeshikilia kioo. Nilizimimina kwenye sahani. Nilizitazama moja moja, kwa mazoea, na safari hii hakukuwa na cha kuchagua. Zilikuwa mia moja na nne. Nikakaa juu ya gunia la makaa nikiwa na gauni langu la Jumapili. Nimepata vyeti maishani, nimepata watoto, na mwezi huu nimegundua kwamba swali lile lililopigiwa mstari mara mbili lina jibu rahisi. Lakini nafuu niliyoipata juu ya gunia lile sijaipata tena kwa kipimo kile. Mambo mengi nimeyafikiri tangu hapo kuhusu vitu ambavyo watu huweka. Maabara yetu huhifadhi kile kinachojulikana thamani yake. Mama Hawa alihifadhi bila kujua, na bila kujifanya anajua, na hilo nimeshindwa kulitia katika sura yoyote ya tasnifu.

“Hizi nazipeleka kesho,” nilisema. “Nitamwambia nyingine zimetumika katika utafiti.”

Mama Hawa alianza kuzirudisha punje katika chupa.

“Si uwongo kabisa,” nilisema.

“Ulimwambia ziko salama?”

“Ndiyo.”

“Basi mrudie kwa mdomo ule ule. Piga.”

Nilimwomba dakika chache. Nilikwenda chumbani nikaandika rasimu ya maungamo katika karatasi, yenye aya tatu, ya kwanza ikieleza mazingira. Niliposoma nikaona kwamba neno “zimeliwa” linakuja katika mstari wa kumi na moja. Nikaandika nyingine, likaja mstari wa saba. Mama Hawa alikuja mlangoni, akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaikunja mara nne, akaondoka nayo jikoni. Nikamfuata. Nikasimama kando ya kaunta, nikapiga, na simu ya Cucu ikaita mara nyingi sana, na kila mlio nilitumaini haitapokewa.

“Ni wewe, wa Meru?”

“Ni mimi, Cucu. Kunde zako zimeliwa.”

Mbuzi, upepo, mlango wa bati.

“Na panya?”

“Na sisi. Zilipikwa kwa makosa, nyumbani ninakokaa. Mwezi wa Novemba. Uliponiuliza nikakudanganya. Kisha nikanunua nyingine Gakoromone zinazofanana, nikataka kukuletea kana kwamba ni zako.”

“Ningejua,” alisema.

“Najua ungejua.”

“Ningejua zikiota. Majani ya zangu yana upara, hayana vinyweleo.” Akavuta pumzi. “Zote?”

“Zimebaki mia moja na nne. Zimo katika chupa. Ni zako halisi, nimezitazama. Za utafiti sitaki hata moja.”

Nikasikia akimwambia mtu aondoe mbuzi kwenye kibanda. Kisha akarudi.

“Mimi nilipewa pungufu ya hizo,” alisema. “Zilifungwa katika pindo la nguo. Nikazipanda nyuma ya nyumba, mahali pa kumwaga maji.” Sauti ilibadilika, ikawa ya mtu aliyesogeza kiti karibu. “Zilipikwa na nini?”

“Cucu?”

“Nauliza zilipikwa na nini. Mwaka wa tatu huu sijazitia mdomoni. Naweka, napanda, mvua inakatika, naokota kikombe, naweka tena. Nimesahau. Zilipikwa na nini?”

“Na mbavu za mbuzi. Na vitunguu.”

“Mbavu,” alisema. “Ziliiva upesi?”

“Nusu saa.”

“Ndizo. Na wewe ulikula?”

“Sahani mbili.”

Akacheka, kicheko kikavu cha kifuani ambacho kiliishia katika kikohozi, na mimi nikajikuta nimeishika kaunta kwa mkono mmoja. Akaniambia nizilete mwenyewe, nisizitume na gari la mtu, na nifike mapema ili nimsaidie kulainisha udongo pale pa kumwagia maji. Kisha akauliza swali moja zaidi. Mama Hawa, aliyekuwa amejifanya anafunga uzi muda wote, alinisogelea hadi nikasikia harufu ya iliki katika leso yake.

“Anasema nini?”

“Anauliza ulitia chumvi mwanzoni au mwishoni.”

Mama Hawa alifuta mikono yake yote miwili, akaninyang'anya simu, na kwa Kiembu safi cha waliozaliwa Majengo, ndugu wa Kimbeere, akaanza kumweleza.